Kesi ya Floyd na polisi wa New York: unasema wanabagua, sawa, lakini unamlinganisha nani na nani?

Wakuu, mjadala wa ubaguzi wa polisi Marekani ukiibuka tu kuna watu wawili lazima watokee. Mmoja anasema weusi wanasimamishwa na polisi kupita idadi yao kwa hiyo polisi ni wabaguzi, mwingine anamjibu weusi ndo wametajwa kwenye uhalifu mwingi kwa hiyo polisi wako sahihi, na hapo wanarushiana namba mpaka usiku wa manane hakuna anayemsikia mwenzie. Sasa kuna kesi moja haya maswali yalipelekwa mahakamani, yakakaa mezani zaidi ya miezi miwili, yakachambuliwa fomu kwa fomu, na mi naona ni bora tuanzie hapo kuliko kubishana hewani. Ni ndefu, kaa mkao wa kula.

Kesi ni Floyd dhidi ya Jiji la New York. Usichanganye na George Floyd wa Minneapolis aliyeuawa 2020, huyu ni David Floyd, mtu mwingine kabisa, mkazi wa Bronx, mojawapo ya wilaya za jiji la New York. Ilifunguliwa 2008, ikaanza kusikilizwa Machi 2013, hukumu ikatoka tarehe 12 Agosti 2013 chini ya jaji Shira Scheindlin wa mahakama ya shirikisho pale Manhattan. Hakukuwa na baraza la wazee wa mahakama wala nini, ni jaji peke yake, kwa sababu walalamikaji hawakuomba fidia, walichotaka ni polisi waamriwe kubadilika.

Kilichompata Floyd ni kitu kidogo hata ukikisimulia mtu anaweza kusema sasa hapo kesi iko wapi. Februari 2008 anatoka nyumbani, anaishi kwenye nyumba ya mama yake wa ubatizo, anamkuta mpangaji wa chini amejifungia nje. Floyd anarudi ndani anachukua shada la funguo, funguo kibao hazina alama, wanasimama wote wawili mlangoni wanajaribu mmoja baada ya mwingine. Kabla hawajaupata wenyewe polisi wametokea, simameni hapo, wanawapapasa mwilini, wanataka vitambulisho. Maelezo ya polisi yakawa kwamba eneo lile kulikuwa na wizi wa kuvunja nyumba, na watu wawili wanajaribu funguo nyingi mlangoni wanatia shaka. Ukiisikia hivyo unaweza kusema mbona ina mantiki, na ndo maana naipenda hii kesi, haikuwa ya polisi kumpiga mtu risasi, ilikuwa ya mambo ya kila siku ambayo kila moja lina maelezo yake ukilitazama peke yake.

Sheria yenyewe ilikuwaje? Inarudi nyuma hadi 1968, kesi ya Terry dhidi ya Ohio. Askari kanzu mmoja wa Cleveland aliwaona jamaa wanapita mbele ya duka, wanachungulia dirishani, wanaondoka, wanarudi tena wanachungulia, mara nyingi tu, akahisi wanapanga kuvamia, akawafuata akawapapasa akakuta bastola. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema sawa, polisi anaweza kumsimamisha mtu bila hati na bila ushahidi wa kutosha kumkamata, ila awe na shaka inayotokana na mambo anayoweza kuyataja, siyo hisia tu za moyoni. Na kumpapasa ni hatua nyingine, hapo awe na sababu ya kuamini yule mtu ana silaha. Hatua mbili, kila moja na sababu yake. Shika hilo.

Sasa New York. Michael Bloomberg anaingia umeya Januari 2002, anamweka Ray Kelly kuwa kamishna wa polisi. Mwaka huo wa 2002 polisi waliandikisha kusimamisha watu mara 97,296. Mwaka 2011 ikawa mara 685,724. Soma tena hizo namba, ni mara saba, ndani ya miaka tisa, jiji lile lile. Vijana wa kiume weusi wa umri wa miaka 14 hadi 24 walisimamishwa mara nyingi mwaka ule kuliko idadi yao wenyewe waliopo jijini, mara 168 elfu na ushee wakati wenyewe wako kama 158 elfu, maana yake kuna watu walisimamishwa mara mbili, tatu, nne, wengine njiani kwenda shule.

Ilifikaje huko? Watu wanadhani kuna mzungu mmoja alikaa ofisini akasema nendeni mkawaonee weusi. Haikuwa hivyo, na jaji hakusema hivyo. Polisi wa New York tangu 1994 walikuwa na mfumo wao wa vikao vya takwimu, mkuu wa kituo anaitwa mbele ya mabosi anawekewa ramani ya uhalifu wa eneo lake anaulizwa umefanya nini. Ukiulizwa umefanya nini jibu rahisi ni namba. Presha inashuka kutoka kwa mkuu wa kituo kwenda kwa sajini kwenda kwa kijana aliyetoka chuo cha polisi juzi, na hao vijana kuanzia 2003 walikuwa wanapelekwa moja kwa moja kwenye maeneo yenye uhalifu mwingi, yaani ya weusi na Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini), bila uzoefu wowote. Askari mmoja wa Bronx, Adhyl Polanco, alirekodi mabosi wake, inasikika wanavyodai kila askari alete tiketi 20 (karatasi za faini za makosa madogo) na kukamata mtu 1 kwa mwezi. Mwingine wa Brooklyn, Adrian Schoolcraft, naye alirekodi kituoni kwake, na Oktoba 2009 maafande walimfuata nyumbani wakamchukua kwa nguvu wakampeleka hospitali akawekwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Hiyo peke yake inataka uzi wake.

Ila kanda iliyovunja watu ni ya Pedro Serrano, askari wa Bronx pia. Anabishana na bosi wake kuhusu kwa nini namba zake ziko chini, bosi anamwambia tunataka kuwasimamisha watu sahihi, wakati sahihi, mahali sahihi. Serrano anauliza hao watu sahihi ni kina nani? Anakomaa naye, anauliza tena. Mwishoni bosi anamjibu haoni tatizo kumwambia, ni wanaume weusi, miaka 14 hadi 20, 21. Ilipigwa mahakamani hiyo. Upande wa jiji ukajitetea kwamba bosi alikuwa anaongelea wizi maalum uliokuwa unafanywa na vijana wa maelezo hayo eneo lile, lakini hebu fikiria wewe ndo kijana mweusi wa miaka 17 unayeishi hapo.

Tuje kwenye fomu. Kila polisi akimsimamisha mtu alitakiwa kujaza fomu inaitwa UF-250, ina viboksi vya kuweka tiki kueleza kwa nini umemshuku. Na hizi fomu zina historia ya damu. Februari 1999 polisi wa kikosi maalum walimuua Amadou Diallo, kijana kutoka Guinea, mlangoni kwake Bronx, walifyatua risasi 41, hakuwa na silaha, alikuwa anatoa pochi. Baada ya hapo ikafunguliwa kesi nyingine iliyoisha kwa makubaliano 2003, polisi wakatakiwa wawe na sera ya maandishi ya kukataza ubaguzi na wawe wanazikagua fomu zao. Mawakili wa Floyd walikuja kwa sababu waliona makubaliano yale yamebaki makaratasi.

Viboksi vilivyotikiwa sana ni viwili, "eneo lenye uhalifu mwingi" na "mienendo ya kificho". Cha kwanza kilitikiwa kwenye asilimia 55 ya fomu, cha pili asilimia 42. Askari walipopanda kizimbani wakaulizwa haya, mienendo ya kificho ni ipi? Majibu sasa: mtu kubadilisha njia, kutembea namna fulani, kuingiza na kutoa mkono mfukoni, kuangalia huku na huku, kurekebisha mkanda, kukaa kwenye benchi mbele ya jengo, mmoja akaongeza hata kigugumizi. Yaani mi mwenyewe nikimuona polisi natimiza vigezo vitano hapo hapo. Na takwimu zikaonesha kitu cha ajabu, fomu zenye tiki hizi mbili zilikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuishia kwa mtu kukamatwa kuliko zile ambazo hazina. Maana yake kama ishara ya uhalifu hazisaidii chochote, zinajazwa kwa sababu lazima ujaze kitu. Halafu kuna sehemu ya kuandika unamshuku kwa kosa gani, mwaka 2004 asilimia 1 tu ya fomu hazikuwa na kosa la kueleweka, kufika 2009 zimekuwa asilimia 36.

Kuanzia Januari 2004 hadi Juni 2012 watu walisimamishwa mara milioni 4.4. Asilimia 88 ya hizo ziliisha hivi hivi, hakuna kukamatwa, hakuna tiketi, haya nenda. Zaidi kidogo ya nusu walipapaswa, mara milioni 2.3 hivi, na katika hizo silaha ilipatikana kwenye asilimia 1.5 tu. Kumbuka ile sheria ya 1968, kumpapasa mtu lazima uwe na sababu ya kuamini ana silaha, sasa ukikosea mara 98 na nusu kati ya 100 hizo sababu zako ni za wapi?

Haya, rangi. Katika wote waliosimamishwa asilimia 52 walikuwa weusi, 31 Walatino, 10 wazungu. Jiji lenyewe kwa sensa ya 2010 weusi ni kama asilimia 23, Walatino 29, wazungu 33. Hapa ndo ule ugomvi niliousema mwanzo unaingia mahakamani ukiwa umevaa suti.

Jiji likasema hiyo ya sensa ni upotoshaji, huwezi kulinganisha waliosimamishwa na wakazi wote. Na kwa kweli wana hoja, tuwe wakweli, wanawake ni zaidi ya nusu ya jiji lakini waliosimamishwa karibu wote ni wanaume, mbona hakuna anayesema polisi wanawabagua wanaume? Kwa hiyo wakasema linganisheni na wahalifu. Chukueni maelezo ya wahanga na mashahidi kuhusu watuhumiwa, mtaona weusi na Walatino ni zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo polisi wanasimamisha kwa uwiano ule ule, ubaguzi uko wapi? Bloomberg mwenyewe Juni 2013 alienda redioni akasema kwa maoni yake wanawasimamisha wazungu kupita kiasi, na weusi na Walatino kidogo mno, ukilinganisha na hayo maelezo. Watu walichemka siku hiyo.

Walalamikaji walikuwa na Jeffrey Fagan, profesa wa Columbia. Yeye hakutumia sensa peke yake kama watu wanavyodhani. Alichukua mtaa kwa mtaa akaweka kiwango cha uhalifu cha hapo, akaweka na polisi wangapi wamepangwa hapo, akauliza ukishaondoa hivyo vyote, je, rangi ya wakazi bado inatabiri watu watasimamishwa mara ngapi? Ikawa ndiyo. Na hata kwenye mitaa ya wazungu wengi ambako uhalifu ni kidogo, mweusi akipita alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusimamishwa.

Lakini kilichoamua kesi kwa maoni yangu ni kitu rahisi zaidi, ile asilimia 88. Jaji akasema hivi, kama waliosimamishwa wangekuwa wahalifu, basi kuwalinganisha na wahalifu kungekuwa na maana. Lakini karibu tisa kati ya kumi hawakukutwa na chochote. Hakuna sababu yoyote ya kudhani watu wasio na hatia wanaopita njiani wana mgawanyo wa rangi sawa na wahalifu wa eneo hilo. Ukiona haikuingii, fikiria mwenye duka anasema wezi wake wengi wanavaa sare za shule, basi anapekua mabegi ya wanafunzi wote wanaopita, tisa kati ya kumi hana kitu, halafu anakwambia ametenda haki kwa sababu asilimia ya wanafunzi aliowapekua inalingana na asilimia ya wanafunzi kwenye wezi wake. Huyo mtoto asiyeiba amewekwa kwenye hesabu ya wezi kwa sababu ya sare. Na hapo ndo mi huwa nawaambia watu, ile namba ya uhalifu hata kama ni ya kweli kabisa kabisa haikupi ruhusa ya kumpekua mtu huyu aliyepo mbele yako, sheria inataka umshuku yeye, siyo wanaofanana naye. Na fomu zenye tiki ya kwamba mtu amefanana na maelezo ya mtuhumiwa fulani zilikuwa sehemu ndogo tu, kwa hiyo hata huo utetezi wa maelezo ya wahanga haukuwa ndo polisi walikuwa wanautumia barabarani.

Kuna namba nyingine ndogo watu wanaipita. Silaha zilikutwa kwa asilimia 1.0 ya weusi waliosimamishwa, 1.1 ya Walatino, na 1.4 ya wazungu. Vitu vingine haramu hivyo hivyo, 1.8, 1.7 na 2.3. Nguvu zilitumika kwa asilimia 23 ya weusi, 24 ya Walatino, 17 ya wazungu. Tofauti siyo kubwa lakini angalia zinakoelekea, mzungu akisimamishwa anakutwa na kitu mara nyingi zaidi, maana yake mzungu alikuwa anahitaji kutia shaka zaidi ndo asimamishwe. Mweusi kizingiti chake kilikuwa chini.

Sasa na upande wa pili usikilizwe vizuri, maana huku mitandaoni huwa tunaupiga danadana tu. Mwaka 1990 New York waliuawa watu zaidi ya 2,200. Mwaka 2001 walikuwa 649, mwaka 2012 wakawa 419. Waliokuwa wanauawa wengi ni weusi na Walatino hao hao, wa mitaa hiyo hiyo, na kina mama wa Brownsville, mtaa wa Brooklyn, waliofiwa na watoto walikuwa wanataka polisi mtaani, hawakuwa wanataka polisi waondoke. Kelly alikuwa anauliza, mnataka nipeleke askari Upper East Side, mtaa wa matajiri, ambako hakuna anayepigwa risasi? Ni swali la haki. Jaji naye aliligusa akasema mahakama yake haihukumu kama mbinu inafanya kazi au haifanyi, inahukumu kama ni halali, kuna mbinu nyingi zinafanya kazi na katiba imezikataza. Wengine walimuona amekwepa. Mi naona alikuwa sahihi kisheria lakini kisiasa lile jibu halimridhishi mama aliyezika mtoto, na wanasiasa walijua hilo, ndo maana vita haikuishia mahakamani.

Kabla ya siasa, niwape hii ya bangi maana inaonesha mambo yanavyokwenda chini kabisa. New York tangu 1977 kuwa na bangi kidogo mfukoni lilikuwa kosa la faini tu, halikuwa jinai, isipokuwa ikiwa hadharani. Basi polisi anamsimamisha kijana anamwambia toa vyote vilivyoko mfukoni. Kijana anatoa simu, anatoa nauli, na kamsokoto kake kanatoka. Tayari iko hadharani! Pingu. Mwaka 2011 walikamatwa watu kama 50 elfu kwa bangi ndogo ndogo, zaidi ya asilimia 80 weusi na Walatino, wakati wazungu nao walikuwa wanavuta vizuri tu ndani ya vyumba vyao. Septemba mwaka huo Kelly mwenyewe alitoa waraka kuwaambia askari kwamba bangi iliyotolewa mfukoni kwa amri ya polisi haihesabiki hadharani. Kwa hiyo alijua kinachoendelea.

Siasa sasa. Juni 2012, siku ya kina baba, watu kwa maelfu waliandamana kimya kimya kutoka Harlem hadi upande wa nyumbani kwa Bloomberg. Mwaka 2013 ni wa uchaguzi, mgombea umeya Bill de Blasio hakuwa anaongoza kura za maoni, akatoa tangazo la kampeni mwanaye Dante, kijana mwenye afro, anaongea kwamba baba yangu ndo atamaliza hii mambo ya kusimamisha watu kwa rangi zao, na jamaa akapaa. Agosti hiyo hiyo hukumu inatoka, siku kumi baadaye baraza la jiji linapindua kura ya turufu ya meya na kupitisha sheria mbili, moja ya kuweka mkaguzi wa polisi, nyingine ya kuwapa watu uwezo wa kushtaki ubaguzi. Bloomberg akakata rufaa. Oktoba 31 mahakama ya rufaa ikasimamisha amri za Scheindlin na kumuondoa yeye kwenye kesi kabisa, wakisema mahojiano aliyotoa kwenye vyombo vya habari na namna kesi ilivyomfikia vinafanya aonekane anaegemea upande. Hapa kuna uongo unaorudiwa kila mara, kwamba hukumu ilitenguliwa. Haikutenguliwa. De Blasio alishinda, Januari 2014 akaenda Brownsville akatangaza jiji linaachana na rufaa, ikaishia hapo, na msimamizi wa mahakama akawekwa kuangalia polisi wanavyorekebisha mambo.

Septemba 2016 kwenye mdahalo wa urais Trump na Clinton mbinu hii iliibuka tena, Trump anataka iletwe nchi nzima, mwendesha mdahalo anamwambia mahakama ilishasema haifai kikatiba, Trump anajibu alikuwa jaji anayewapinga polisi na rufaa iliachwa tu. Kila mmoja kachukua kipande chake. Ukweli kamili ni kwamba mbinu ya kusimamisha mtu haijawahi kukatazwa, ya 1968 ipo mpaka leo, kilichokatazwa ni jinsi New York walivyokuwa wanaifanya.

Na je, damu ilimwagika polisi walipopunguza kusachi watu? Hii ndo ilikuwa tishio kubwa la Bloomberg na Kelly, kwamba watu watakufa. Kutoka mara 685,724 za 2011 zilishuka mpaka 22 elfu na ushee mwaka 2015. Mauaji 2011 yalikuwa 515, mwaka 2015 yakawa 352, mwaka 2017 yakawa 292. Gazeti la Daily News lililokuwa linaitetea ile mbinu kwa nguvu zote liliandika tahariri Agosti 2016 likikiri kwamba lilikosea. Watu wa upande wa polisi watakwambia angalia 2020 na 2021, mauaji yalipanda tena, ni kweli yalipanda, ila yalipanda Marekani nzima hata kwenye majiji ambayo hii kesi ya David Floyd haikuyahusu, kwa hiyo hapo usiniletee. Kuna utafiti uliomhusisha Fagan pia ulioonesha usimamishaji wenye sababu nzito za kweli ulipunguza uhalifu kidogo, ni ule wa tiki za kubahatisha ndo haukuleta kitu.

Bloomberg aliomba radhi Novemba 2019, kanisani Brooklyn mbele ya waumini weusi, wiki moja kabla ya kutangaza anagombea urais. Muda aliouchagua ulimhukumu. Februari 2020 ikavuja sauti yake ya 2015 anasema wauaji karibu wote wana maelezo yale yale, unaweza kuyatoa fotokopi ukawagawia polisi wote. Kampeni yenyewe haikufika mbali.

Lakini mtu ninayemwona wa ajabu kuliko wote ni Eric Adams. Alikuwa polisi miaka mingi, mweusi, mwaka 2013 ni seneta wa jimbo, akapanda kizimbani kwenye kesi hii akaapa kwamba kwenye kikao cha 2010 alimsikia Kelly akisema wanawalenga vijana weusi na Walatino ili kila wakitoka nyumbani wawe na hofu kwamba wanaweza kusimamishwa. Kelly alikana. Ushahidi huo ulimo kwenye hukumu. Adams huyo huyo akawa meya Januari 2022, uhalifu umepanda, akarudisha vikosi maalum vya kutafuta bunduki mitaani kwa jina jipya. Msimamizi wa mahakama alivikagua, ripoti ya Juni 2023 ikasema asilimia 97 ya waliosimamishwa na vile vikosi ni weusi na Walatino na karibu robo ya usimamishaji wenyewe haukuwa halali. Naomba hapo tuelewane, meya ni mweusi, askari wengi wa jiji hilo siku hizi siyo wazungu, na namba zimetoka vile vile. Wale wanaosema tatizo litaisha wakiwekwa watu wetu juu waisome hiyo ripoti.

Kijiti sasa kiko kwa mzaliwa wa Kampala, Zohran Mamdani, aliyeshinda umeya Novemba 2025 na akaamua kubaki na kamishna wa polisi Jessica Tisch aliyewekwa na Adams. Waganda walishangilia sana, na wana haki. Ila kesi ya Floyd bado haijafungwa, msimamizi bado yupo, na usimamishaji ulikuwa unapanda tena, mwaka 2024 uliandikishwa mara 25 elfu na ushee, karibu tisa kati ya kumi bado ni weusi na Walatino. Ni kidogo sana ukilinganisha na 2011, lakini msimamizi amekuwa akiripoti kwa miaka kwamba kuna askari wanamsimamisha mtu na hawajazi fomu kabisa, wanagundulika kwenye video za kamera za kifuani. Kwa hiyo mtu akikuletea hiyo 25 elfu kwenye ubishi wenu, ichukue kama kiwango cha chini.